Usiamini mshale wa kifuniko: Geji ya grili yako hupima hewa, si nyama

NI Jumamosi saa saba mchana. Umevaa aproni mpya, makaa yamekolea, na wageni wa sherehe ya kuhitimu ya binamu yako wameanza kusogeza viti karibu na moshi. Umepanga mapaja ya kuku kwenye wavu, ukashusha kifuniko cha grili ya pipa uliyochongewa na fundi wa jua kali, na sasa macho yako yote yako kwenye ile geji ndogo ya mviringo iliyo juu ya kifuniko. Mshale umetulia kwenye 180. Fiti kabisa.

Dakika arobaini baadaye unafunua. Ngozi imegeuka rangi ya dhahabu na harufu imefika hadi kwa jirani. Unapakua. Kisha shangazi yako anauma paja la kwanza, analigeuza mkononi, na kusema kwa sauti inayosikika hadi langoni: “Kijana wangu, hii kuku iko na damu.”

Hayo yalinipata mimi. Kuku alirudishwa jikoni kumalizwa kwa mafuta ya kukaanga, wageni wakala wali na kachumbari, nami nikabaki kando nikijifanya naosha koleo. Watu wawili waliokuwa wameniahidi kazi ya kuchoma mwezi uliofuata walinyamaza tu kwenye WhatsApp. Ukiwa unaanza biashara ya choma za wikendi, unajua maana ya kimya kama hicho.

Nililaumu makaa, nikalaumu upepo, nikalaumu hata kuku mwenyewe. Kumbe mwongo alikuwa pale juu ya kifuniko akinitazama. Kwa hivyo kama umenunua grili yenye kifuniko na geji, au unaweka pesa kando uinunue, kaa hapa dakika chache kabla hujawasha makaa.

Kifuniko kinakufunga macho

Nenda Kenyatta Market au Kiamaiko hapa Nairobi uangalie mchomaji aliyekomaa akifanya kazi. Hana kifuniko wala geji. Nyama iko wazi mbele yake. Anaibonyeza kwa kidole, anasikiliza mafuta yakidondokea makaa, anaikata kidogo kwa kisu na kuchungulia, kisha anaisogeza pembeni moto ukizidi. Macho, masikio na vidole vyake ndivyo kipimajoto chake.

Grili yenye kifuniko hufanya kazi tofauti. Ukishusha kifuniko, grili inakuwa kama oveni. Joto huzunguka nyama pande zote, moshi hubaki ndani, na kipande kikubwa kama mguu mzima wa mbuzi huiva taratibu bila kuungua nje. Grili ya namna hiyo ilipata umaarufu kupitia kwa George Stephen, Mmarekani aliyefanya kazi katika kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers jijini Chicago. Mwaka wa 1952 alitumia nusu mbili za boya la chuma, moja ikawa bakuli la makaa na nyingine kifuniko.

Tatizo ni kwamba kifuniko kikishuka, huoni kitu. Huwezi kubonyeza wala kuchungulia, na kila unapofunua joto linatoroka. Hapo ndipo unapoanza kutegemea geji. Ikikosea, wewe unachoma ukiwa umefumba macho na hujui.

Ndani ya geji kuna nini?

Geji nyingi za kifuniko hazina betri wala umeme. Nyuma ya uso wake kuna kijiti kinachopenya hadi ndani ya grili, na ndani ya kijiti hicho kuna utepe wa metali mbili zilizoshikanishwa na kusokotwa kama springi. Metali hizo hazitanuki sawa. Zikipata joto, moja hurefuka kuliko mwenzake, springi inajisokota, na mshale ulio mwisho wake unazunguka.

Ujanja huo wa metali mbili ni wa kale. John Harrison, fundi wa saa wa Uingereza, aliutumia katika karne ya 18 ili saa zake za baharini zisipotezwe majira na joto na baridi. Ni kifaa rahisi na kigumu kuharibika, ndiyo maana kiko kila mahali.

Lakini kumbuka jambo moja: geji hujua joto la kijiti chake tu. Na kijiti chake kiko wapi? Sentimita chache chini ya kifuniko, huko juu kabisa, wakati nyama yako iko chini kwenye wavu. Ni kama kutaka kujua baridi ya sakafu kwa kugusa dari.

Mbona inadanganya?

Sababu ya kwanza ni hapo ilipofungwa. Hewa moto hupanda. Ukiwa umesukuma makaa upande mmoja na nyama upande wa pili, na geji ikawa juu ya upande wa makaa, itakusomea joto ambalo nyama haijaliona. Tofauti inaweza kufika nyuzi 20, 30 au hata zaidi. Katika habari hii yote, nikisema nyuzi nina maana ya Selsiasi.

Tena geji haikosei upande mmoja tu. Nyama ikiwa moja kwa moja juu ya makaa, inapigwa na mwako mkali kutoka chini ambao geji ya juu haiuhisi sawasawa. Hapo geji inaweza kusema 150 huku chini ngozi ya kuku inakuwa mkaa. Kwa hivyo ukisikia mtu akikwambia “geji yangu huzidisha nyuzi 20, mimi huondoa tu,” mwulize makaa yake huwa wapi na nyama yake wapi. Akibadilisha mpango huo, hesabu yake inaanguka.

Sababu ya pili ni nyama yenyewe. Kilo tano za kuku zilizotoka kwenye friji ni kama kuweka barafu ndani ya grili. Hewa iliyo karibu nazo hupoa kwa muda mrefu, ilhali hewa ya juu ya kifuniko imesharudi kwenye joto lake. Ukijaza wavu bila nafasi kati ya vipande, mambo huwa mabaya zaidi. Hilo ndilo kosa langu la siku ile: vipande vilikuwa vimebanana kama abiria wa matatu saa za jioni.

Ya tatu ni kuchelewa. Geji ya aina hii haina haraka. Ukifunua kugeuza nyama, mshale unashuka. Ukifunika, huchukua dakika kadhaa kupanda tena. Vijana wengi wakiona umeshuka huongeza makaa papo hapo. Kabla hawajaketi, joto limepita walipotaka.

Ya nne ni uchafu na maisha. Mafuta na masizi hugandamana kwenye kijiti na kukifanya kihisi joto polepole. Mvua huingia ndani ya kioo. Kifuniko kikianguka, mshale unaweza kuhama. Na geji nyingi za bei nafuu zilitoka dukani zikiwa tayari hazisemi ukweli.

Ya tano si kosa la geji, ni la anayeisoma. Ukitazama video za wachomaji wa Marekani, utasikia wakisema “weka 225.” Hizo ni nyuzi za Farenhaiti. Kwa Selsiasi ni kama 107, moto wa taratibu kabisa. Ukifikisha mshale wa Selsiasi kwenye 225, mbavu zako zitakuwa kuni. Hesabu ni hii: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Kwa mfano, 350 ya Farenhaiti inakuwa kama 177 ya Selsiasi. Kabla ya yote, angalia kwenye uso wa geji kama kuna herufi C au F. Geji nyingine zina zote mbili, moja kwa maandishi madogo.

Jaribio la sufuria ya maji

Habari njema ni kwamba unaweza kumkamata mwongo huyu kwa sufuria ya maji tu.

Fungua nati iliyo upande wa ndani wa kifuniko na uitoe geji. Isafishe kijiti kwa sabuni na maji ya moto hadi masizi yote yaishe. Chemsha maji kwenye sufuria hadi yatokote kwa nguvu. Toboa kipande cha kadibodi, pitisha kijiti hapo ili usichomwe na mvuke, kisha kizamishe kwenye maji bila kugusa chini wala kando ya sufuria. Subiri kama dakika mbili, hadi mshale usimame kabisa. Soma.

Sasa hapa ndipo wengi hupotea. Maelezo mengi ya mtandaoni yatakwambia geji inapaswa kusoma 100. Hilo ni kweli ukiwa Mombasa, Malindi au Lamu, usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji huchemka kwa joto la chini zaidi, kwa makadirio nyuzi moja kwa kila mita 300.

Nairobi iko karibu mita 1,700 hadi 1,800 juu ya bahari, kwa hivyo maji huchemka kwa takriban nyuzi 94. Nakuru ni karibu hapo hapo. Kisumu ni kama 96. Eldoret ni kama 93, na Nyahururu ni kama 92. Mtu wa Eldoret akiilazimisha geji yake isome 100 kwenye maji yanayochemka, amejiongezea kosa la nyuzi saba kwa mikono yake mwenyewe, halafu anajisifu kwamba amerekebisha.

Yangu niliijaribu nyumbani Nairobi wiki moja baada ya ile aibu. Ilipaswa kusoma 94. Ilisoma 115. Yaani kabla hata hujazungumzia makaa kuwa upande mmoja na kuku kubanana, tayari nilikuwa nyuma kwa nyuzi 21. Ukijumlisha yote, damu ya shangazi haikuwa na maajabu.

Ukikuta kosa, tazama nyuma ya geji. Baadhi zina nati ndogo ya pembe sita. Shika nati hiyo kwa spana na uzungushe uso wa geji polepole hadi mshale ufike panapofaa, kisha urudie jaribio. Kama haina nati ya kurekebisha, bandika kipande cha plasta kwenye mpini wa grili na uandike kwa kalamu: “Toa 20” au “Ongeza 10.” Kama kila ukirudia jaribio inasoma kitu kingine, itupe. Geji inayokosea kwa namna ile ile kila siku unaweza kuishi nayo. Inayobadilika-badilika haikusaidii.

Usisahau pia kwamba umeijaribu kwenye joto la maji tu. Huko juu kwenye 180 au 200 inaweza kukosea kwa kiasi tofauti. Ndiyo maana kuna hatua inayofuata.

Jua joto la wavu

Nunua kipimajoto cha oveni, kile kinachouzwa kwa waoka keki, na ukiweke juu ya wavu pale pale nyama itakapokaa. Washa makaa kama kawaida, funika, subiri robo saa, kisha linganisha. Kama cha wavuni kinasema 140 na cha kifuniko kinasema 170, umejua tofauti yako kwa mpangilio huo wa makaa. Iandike. Badilisha mpangilio, pima tena, andika tena. Baada ya mara tatu au nne utakuwa unaijua grili yako kama unavyoijua simu yako.

Huna pesa za kipimajoto kingine? Tumia mkate. Panga vipande vya mkate kwenye wavu mzima, funika kwa dakika chache, kisha funua. Penye mkate mweusi pana moto mkali, penye mkate mweupe pana baridi. Piga picha. Hiyo ndiyo ramani ya grili yako, na itakuonyesha mahali pa kuweka paja na mahali pa kuweka bawa.

Na kama bado hujachongewa grili, uko mahali pazuri zaidi kuliko sisi wengine. Mwambie fundi wako atoboe tundu la geji ubavuni, sentimita mbili au tatu juu ya wavu, upande nyama itakapokuwa. Wengi huweka geji katikati ya kifuniko kwa sababu inapendeza hapo. Wewe ndiye mwenye pesa, sema unachotaka.

Mwisho wa yote, pima nyama

Hata geji ikisema ukweli mtupu, bado inakwambia joto la hewa. Mteja hali hewa. Swali la kweli ni nyama imefika wapi ndani, na jibu hulipata kwa kipimajoto cha kudunga.

Vipimo vinavyotumiwa na Idara ya Kilimo ya Marekani ni rahisi kukumbuka. Kuku, sehemu yoyote ile, afike nyuzi 74. Nyama ya kusaga, kama ya baga na soseji za ng'ombe, ifike 71. Kipande kizima cha ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe kifike 63 na kipumzishwe dakika tatu kabla ya kukatwa. Hivyo ni vipimo vya usalama, si vya ulaini. Mguu mgumu wa mbuzi ukiutoa kwenye 63 utakuwa salama, lakini wageni watautafuna hadi kesho. Ukiupeleka polepole hadi karibu 90, unaachia mfupa.

Dunga sehemu nene zaidi, na usiguse mfupa kwa sababu joto lake si la nyama. Kwa kuku, dunga upande wa ndani wa paja. Pima zaidi ya kipande kimoja, hasa vile vilivyokuwa penye mkate mweupe. Kila ukitoka kwenye nyama mbichi, safisha sindano kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kudunga nyingine.

Kipimajoto hiki nacho kijaribiwe. Jaza gilasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, kisha tumbukiza sindano. Kinapaswa kusoma 0, na hapa mwinuko haukusumbui: ni 0 Mombasa na ni 0 Nyahururu. Geji ya kifuniko huwezi kuijaribu hivyo kwa sababu nyingi huanzia juu ya nyuzi 40 au 50.

Mbona nisitazame rangi tu? Kwa sababu rangi hudanganya kuliko hata geji. Nyama ya kusaga inaweza kuwa kahawia kabla haijafika joto salama, na kuku anaweza kubaki na wekundu karibu na mfupa ilhali ameshaiva. Ukifuata rangi, utawapa watu nyama mbichi leo na nyama kavu kesho.

Hili si suala la aibu tu. Kuku asiyeiva anaweza kubeba bakteria kama salmonela na kampilobakta, wanaoleta homa, kuendesha na maumivu ya tumbo. Mara nyingi dalili huja baada ya saa nyingi, pengine siku kadhaa. Mteja wako atakuwa ameshaenda nyumbani, na mtoto wake ndiye atakayelala hospitalini. Huenda usijue kamwe. Utaona tu simu hazilii.

Je, geji itupwe?

Hapana. Ikishajulikana kosa lake, geji ya kifuniko ina kazi moja inayoifanya vizuri: kukuonyesha joto linaelekea wapi. Mshale ukianza kupanda na hukugusa kitu, punguza tundu la hewa la chini. Ukishuka polepole baada ya saa nzima, makaa yanaisha, ongeza machache. Ukitulia mahali pamoja kwa dakika ishirini, acha kifuniko kimya ukaongee na wageni. Kila ukifunua kuchungulia, unalipa kwa makaa na kwa muda.

Utaratibu wangu siku hizi uko hivi. Ijumaa usiku nasafisha kijiti cha geji. Jumamosi nawasha makaa mapema, naacha grili itulie kabla ya kuweka nyama, naacha nafasi ya vidole viwili kati ya vipande, na natazama mshale kwa mwelekeo wake tu. Dakika za mwisho nachukua sindano. Kuku haondoki kwenye wavu kabla ya kusoma 74, hata bwana harusi akija mwenyewe na sahani.

Sikukuu ya Desemba iliyopita tulikutana tena nyumbani. Shangazi alikuja hadi kwenye grili, akanitazama nikidunga paja moja baada ya jingine, akauliza kama siku hizi nimekuwa daktari wa kuku. Nikamwonyesha namba: 78. Akachukua paja hilo, akauma hadi mfupani, akaligeuza mkononi kama siku ile. Kisha akarudi kwenye kiti chake bila kusema neno, na baadaye akatuma mtoto kuniomba la pili.